Tumngoje aliye nyuma



Baridi imerudi. Huku Ileje, mkoani Songwe, tangu Juni ilipoingia masweta yametoka masandukuni, na katika Misa ya kwanza waamini wanaingia kanisani wamejitanda vitenge na mashuka hadi masikioni. Pamoja na baridi limerudi swali la vijana wa klabu ya mazoezi ya hapa Mbebe: “Padre, mwaka huu tunapanda lini?”

Bado sijawajibu. Kabla ya kuwajibu wao nataka nizungumze nawe, kwa sababu jambo lililotupata mlimani Julai iliyopita halikuishia mlimani. Nimekaa nalo mwaka mzima. Nimelipeleka katika sala, nimelipeleka katika maungamo yangu, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba linatokea kila wiki katika jumuiya zetu, bila mlima na bila ukungu.

Klabu yetu si ya wanariadha. Ilianza na watu wachache walioambiwa na wauguzi kwamba sukari au presha imepanda, watembee. Wakajiunga madereva wa bodaboda wanaoshinda wamekaa, walimu, vijana wanaofanya shughuli zao Tunduma na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, na akina mama wa sokoni. Wapo Wakatoliki, wapo Wamoraviani na Walutheri, na Waislamu wawili. Jumamosi alfajiri tunakimbia kidogo, tunatembea sana, tunaimba, kisha kila mtu anakwenda kazini kwake. Mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi, tunakodi gari na kwenda kuvuka sehemu ya Milima ya Bundali kwa miguu.

Kwa asiyeijua wilaya yetu, Ileje ina sura mbili. Kuna maeneo ya chini kuelekea Mto Songwe, unaotutenganisha na ndugu zetu wa Malawi, ambako hata Julai mchana unavua sweta. Na kuna Bundali, nchi ya migongo mirefu yenye nyasi, mashamba yaliyolazwa kwenye miteremko, na mabonde ambayo jua huchelewa kuyafikia. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi karibu 6. Na wakati huu wa mwaka upepo wa kusini-mashariki hubeba unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na ukigonga milima, unyevu ule unageuka ukungu na manyunyu. Mtu anaweza kuanza safari akiona kijiji kizima chini yake, na baada ya dakika 10 asiuone mgongo wa mwenzake.

Siku ile tuliondoka watu 27. Tuliposhuka garini tulisali, tukagawana maji na karanga, tukaanza kupanda. Nani alitangulia? Mimi. Nina umri wa miaka zaidi ya 50, na sitakuficha: nilitaka vijana waone kwamba Padre bado ana pumzi. Walipokaza mwendo nilikaza. Waliponisifu nilikaza zaidi. Ukungu ulipotufunika hatukusimama kuhesabiana. Tuliimba kwa sauti tu, tukiamini kwamba anayesikia wimbo hawezi kupotea.

Tulifika juu tukiwa tumelowa na tumefurahi. Kitu cha kwanza tulichofanya, mpendwa msomaji, kilikuwa kupiga picha. Tulijipanga, mimi nikiwa katikati nimeinua fimbo kama Musa. Kijana mmoja alipotaka kuirusha kwenye kundi letu la simu akaanza kuandika majina ya waliomo. Akahesabu mara moja, akahesabu mara ya pili. Kwenye picha tulikuwa 26.

Aliyekosekana alikuwa mama mmoja anayeuza dagaa sokoni. Jina lake nalihifadhi. Ni mama wa miaka karibu 60, mpole, asiyekosa mazoezi. Tukaulizana nani alimwona mara ya mwisho. Mmoja alimwona kwenye kijito. Mwingine alidhani yuko na kundi la mbele, na sisi wa mbele tulidhani yuko na kundi la nyuma. Kisha mtu mmoja akasema maneno ambayo kwa dakika chache yalituliza roho zetu wote: “Labda ameamua kurudi kwenye gari.”

Naomba uyashike maneno hayo. Nitayarudia.

Tulishuka tukimwita. Ukungu una tabia ya kumeza sauti: unamwita mtu, sauti inakwenda hatua chache, inazama. Kwenye gari hakuwepo. Tulimtafuta kwa zaidi ya saa mbili. Wanaofahamu milima watakuambia kwamba baridi kali haihitaji theluji ili kuua. Nguo ya pamba iliyolowa, upepo na tumbo tupu vinatosha kuuibia mwili joto lake. Mwanzo mtu anatetemeka. Baadaye maneno yanamchanganya na miguu inamkataa. Kisha anaacha kutetemeka, na asiyejua anaweza kudhani amepata nafuu, kumbe hapo ndipo hatari imekuwa kubwa. Mwili umechoka kujipigania.

Mungu aliturehemu. Kijana mdogo aliyekuwa anachunga ng’ombe alimkuta ameketi chini ya mti, akamshika mkono, akampeleka kwa mama yake. Tulimkuta jikoni kwa watu, amevikwa blanketi, miguu kando ya moto, ana kikombe cha chai na viazi vya kuchemsha. Mama mwenye nyumba ni Mmoraviani. Hakutuuliza sisi ni dhehebu gani. Alitukaribisha, kisha akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa upole ambao ulikuwa mkali kuliko karipio: “Mlikuwa wengi hivi?”

Raba ya yule mama ilikuwa imeachia soli. Aliketi kuifunga kwa kamba, na alipoinua kichwa hakuona mtu. Nilimuuliza, “Mama, kwa nini hukuita?” Akanijibu, “Niliita mara mbili, Padre. Nikasikia mnaimba. Nikaona nikizidi kupiga kelele nitawaharibia safari.”

Nitawaharibia safari. Mtu anakaribia kufa kwa baridi, na anachohofia ni kutuharibia sisi furaha. Tangu siku ile nimeyasikia maneno hayo katika vinywa vya waamini wengi, ingawa wao hawayasemi kwa sauti.

Unajua ni Wakristo gani ninaowasema. Ni yule baba ambaye alikuwa haachi jumuiya, kisha mwezi mmoja alikosa mchango, akaona aibu, akakosa wiki moja, ya pili, mpaka aibu ya kutokuwepo ikawa kubwa kuliko ile ya mchango. Ni yule msichana aliyepata ujauzito akaondoka kwaya kimya kimya. Ni yule mjane ambaye kila jumuiya inapofika zamu ya nyumbani kwake anakumbuka kwamba hana viti wala chai ya kuwapa watu. Wote hawa waliita mara mbili. Wakasikia tunaimba. Wakanyamaza.

Na sisi tukasema nini? Tulisema yale yale ya mlimani: labda ameamua kurudi. Siku hizi tunayasema kwa namna nyingine: “Labda amehamia kwa walokole.” “Labda imani yake imepoa.” “Labda ana kiburi.” Neno “labda” ni tamu sana kwa mtu asiyetaka kushuka mlima kutafuta. Linamfanya aliyeachwa aonekane ameacha.

Sasa tufungue Maandiko, kwa sababu Biblia ni kitabu cha watu walio safarini, na inajali sana habari za mkia wa msafara kuliko tunavyodhani.

Katika Kumbukumbu la Torati 25:17-18 Musa anawataka Waisraeli wasisahau walichotendewa na Waamaleki njiani. Kosa la Amaleki lilikuwa lipi? Hakuwakabili mashujaa wa mbele. Aliwavizia waliokuwa nyuma, dhaifu, waliochoka na kuishiwa nguvu. Adui anajua pa kupiga. Hapigi pale penye wimbo na picha. Anapiga pale ambapo hakuna anayegeuka kutazama. Nimesoma mistari hiyo tangu seminarini nikimlaumu Amaleki. Mlimani nilijiuliza kwa mara ya kwanza: na wale waliokuwa mbele siku ile, ilikuwaje hata wenzao wakabaki peke yao?

Mfano wa pili ni wa Yakobo, katika Mwanzo 33:12-14. Amepatana na kaka yake Esau baada ya miaka mingi. Esau, mtu wa nguvu, mwenye watu 400, anataka waondoke pamoja. Yakobo anamwomba atangulie. Anamweleza kwamba watoto ni wadogo na kuna mifugo inayonyonyesha, na wakiswagwa kwa nguvu hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Yeye atakwenda taratibu kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Yakobo alikuwa na hila nyingi, na huenda hata hapo alikuwa na yake. Lakini maneno yenyewe ni sheria ya kila msafara: mwendo hupimwa kwa mguu wa mdogo.

Mfano wa tatu unanigusa kuliko yote. Katika Hesabu sura ya 12, Miriamu, dada yake Musa, anamnung’unikia ndugu yake na kupatwa na ukoma. Anatakiwa kukaa nje ya kambi siku 7. Zingatia: Miriamu hakuchelewa kwa bahati mbaya, alikuwa na kosa. Taifa zima lilikuwa na safari ya kwenda Nchi ya Ahadi, lina watoto, lina mifugo, lina haraka. Na Maandiko yanasema, katika aya ya 15, kwamba watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Siku 7 taifa lilisimama jangwani likimngoja mwanamke mmoja mwenye kosa. Hakuna aliyesema labda ameamua kurudi Misri.

Na Mungu mwenyewe hutembea wapi? Tumezoea picha ya nguzo ya wingu iliyowatangulia Waisraeli. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini katika Kutoka 14:19, Wamisri walipowakaribia kutoka nyuma, malaika wa Mungu aliondoka mbele ya kambi akaenda nyuma, na nguzo ya wingu nayo ikahama ikasimama nyuma yao. Mungu alihama kutoka mbele akaenda mkiani, kwa sababu hatari ilikuwa mkiani. Naye nabii Isaya, katika 52:12, anamwona Bwana akitangulia watu wake na pia akiwafuata nyuma kuwalinda. Basi mimi niliyekuwa mbele mlimani nikidhani naongoza kama Musa, nilikuwa nimemwacha Mungu nyuma, amekaa na muuza dagaa chini ya mti.

Hayati Papa Fransisko alilieleza jambo hili katika waraka wake Evangelii Gaudium, wa tarehe 24 Novemba 2013, namba 31. Anasema askofu mara nyingine atatangulia kuonyesha njia, mara nyingine atakuwa katikati ya watu, na mara nyingine itampasa kutembea nyuma ili kuwasaidia waliobaki. Likimhusu askofu, linanihusu mimi padre, linamhusu katekista, mwenyekiti wa jumuiya na baba wa familia. Ni Papa huyo huyo aliyeliitisha Kanisa zima katika sinodi kuanzia mwaka 2021 hadi 2024. Neno sinodi limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni njia pamoja. Tumelitumia sana neno hilo katika semina na makongamano. Lakini njia haiwi ya pamoja kwa sababu tuliianza pamoja. Inakuwa ya pamoja tukifika pamoja.

Vijana wa klabu wanapenda nikiwasimulia habari za mwenzao, Pier Giorgio Frassati, ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis. Frassati alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1901, mtoto wa familia tajiri. Alipenda sana milima na alikuwa mwanachama wa klabu za wapanda milima. Alisomea uhandisi wa madini, kwa kuwa alitaka kuwa karibu na wachimbaji, watu kama wale wanaoingia kwenye makaa ya mawe jirani na hapa kwetu Kiwira. Lakini nyakati ambazo hakuwa milimani alikuwa vichochoroni, akiwatembelea maskini na wagonjwa, mara nyingi bila familia yake kujua.

Mwisho wa Juni 1925 alianza kuumwa. Siku hizo hizo bibi yake alikuwa anakufa, na nyumba nzima ilikuwa inamwangalia bibi. Kijana mwenye nguvu, mpanda milima wa miaka 24, nani angedhani ni mgonjwa? Alikuwa na polio. Familia ilipogeuka kumtazama, mwili ulikuwa umeshapooza. Siku moja kabla ya kufa, kwa mkono ambao haukumtii tena, aliandika kikaratasi akimwomba rafiki yake ampelekee maskini mmoja sindano zake za dawa. Alifariki tarehe 4 Julai 1925. Hata aliye imara kuliko wote anaweza kubaki nyuma ndani ya nyumba yake mwenyewe bila mtu kugundua. Na yeye, akiwa amebaki nyuma, bado alikuwa anamtazama aliye nyuma zaidi yake.

Mpendwa msomaji, sasa nifike mahali ambapo huenda usinipende.

Miezi michache baada ya safari yetu, viongozi wa jumuiya moja walinijia wakiwa na daftari. Muumini wao amefariki. Walikuwa na huzuni ya kweli, siwasingizii. Lakini walikuja na ombi kwamba asizikwe kwa Misa. “Padre, tazama mwenyewe. Hajahudhuria jumuiya karibu miaka miwili. Zaka hana. Mchango wa ujenzi hakumaliza. Tukimzika kama wengine, tutawaambia nini wanaohudhuria?”

Ungamo langu ni hili: miaka iliyopita, katika parokia nyingine, niliwahi kuletewa daftari kama lile, nikakubali. Marehemu alisaliwa haraka nyumbani na kuzikwa bila Misa. Nilijiambia kwamba nalinda nidhamu. Uso wa mjane wake siku ile bado unanijia nikisali sala ya usiku.

Safari hii nililichukua daftari nikalifungua kurasa za nyuma. Alama za mahudhurio zilikuwa nzuri tu, wiki baada ya wiki, kisha zikakoma. Nikawauliza, “Alipoacha kuja, nani alikwenda kumwona?” Wakatazamana. Nikauliza, “Wiki ya kwanza? Mwezi wa kwanza?” Hakuna. Nikauliza kulitokea nini wiki ile alama zilipokoma. Mama mmoja, kwa sauti ndogo, akakumbuka: ni wiki ambayo majina ya wasiomaliza mchango yalisomwa mbele ya watu. Aliita mara mbili, nikawaza. Akasikia tunaimba.

Tulimzika kwa Misa, na viongozi wale wale walibeba jeneza.

Naomba tuelewane. Sisemi kwamba wajibu haupo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inawataka waamini kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na paa la kanisa halijiezeki lenyewe. Wapo pia wanaojiweka pembeni kwa hiari, wenye uwezo na afya, wanaotaka jumuiya siku ya shida tu. Hao wanahitaji kuambiwa ukweli, tena mapema, wakiwa hai. Lakini sheria hiyo hiyo ya Kanisa, ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1176 inawapa waamini waliofariki haki ya mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, nao wasipoonyesha dalili yoyote ya toba. Penye mashaka, aulizwe askofu. Sioni humo mtu asiyemaliza mchango wa ujenzi. Zaidi ya hayo, kanuni ya 1181, inayozungumzia sadaka za mazishi, inaonya maskini wasije wakakosa mazishi wanayostahili.

Tunajua pia kwa nini jumuiya ndogo ndogo zilianzishwa. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, walizifanya kipaumbele cha uchungaji, ili Kanisa liwe karibu na maisha ya watu, mahali ambapo jirani anamjua jirani. Parokia yenye maelfu ya watu haiwezi kuona kwamba mmoja hayupo. Jumuiya yenye nyumba 20 inaweza. Tukiigeuza jumuiya kuwa daftari la kumhukumu maiti, tumeipindua. Daftari la mahudhurio lina kazi moja takatifu: kutuambia wiki hii tumtembelee nani.

Na hapo ndipo ninapomsikia Mtume Paulo. Wakorintho walikuwa wanakutana kwa chakula cha Bwana, wenye nafasi wanafika mapema, wanakula na kulewa, na maskini wanakuta sahani tupu. Paulo anawakemea vikali, anazungumzia Mwili na Damu ya Bwana, anazungumzia hukumu, na baada ya hayo yote mazito anawapa agizo fupi katika 1 Wakorintho 11:33: wanapokutanika kula, wangojane. Ni hilo tu. Nilifundishwa teolojia ya Ekaristi kwa miaka, na sikumbuki kama nililitilia maanani neno hilo. Kungojana ni sehemu ya kuitambua Ekaristi.

Basi tufanye nini? Sina mpango mkubwa. Nina mambo matatu niliyojifunza kwenye ukungu.

La kwanza, tuhesabiane mapema. Tulihesabiana kileleni, tukiwa tumeshachelewa. Ingefaa tuhesabiane pale kijitoni. Kila jumuiya, kabla ya sala ya mwisho, iulize: nani hayupo leo, na nani atapita kwake kabla ya Jumapili? Mtu akikosa wiki mbili, atembelewe. Si kwenda kudai. Kwenda kusalimia tu, hata mikono mitupu.

La pili, kila msafara uwe na mtu wa nyuma. Tulikuwa na viongozi wa mbele wengi, na nyuma hapakuwa na mtu. Katika jumuiya tuna mwenyekiti, katibu na mhazini. Mteueni pia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutembea nyuma. Achaguliwe mwenye miguu na siri, asiyebeba habari za watu sokoni.

La tatu, tuwapende wanaolalamika. Anayetetemeka bado ana joto, na anayenung’unika kwenye jumuiya bado yupo. Mwogopeni aliyeacha kunung’unika. Ukimya wake usiuite amani.

Nawe unayesoma haya ukiwa umebaki nyuma, umeketi na soli yako mkononi, nakuomba: ita tena. Ita mara ya tatu. Hutaharibu safari ya mtu. Kama safari inaweza kuharibika kwa kukungoja wewe, haikuwa safari ya kwenda mbinguni.

Yule mama wa dagaa bado anatembea nasi. Klabu ilimchangia raba mpya, naye alituletea dagaa, na mimi nikapata sehemu yangu. Picha ile ya watu 26 haikurushwa kwenye kundi, lakini nilimwomba kijana asiifute. Ipo kwenye simu yangu, naitazama kabla ya vikao vya parokia.

Na kwa vijana wanaoniuliza tunapanda lini, jibu langu ni hili: tutapanda Jumamosi ya pili ya Julai, Mungu akipenda. Tutapitia kwanza kwa yule mama Mmoraviani kumpelekea sukari na sabuni, na yule kijana mchungaji madaftari na kalamu. Tutahesabiana kwenye kila kijito. Mbele atatangulia mama wa dagaa, na mwendo utakuwa wake.

Mimi mtanikuta nyuma.